Kunguru walikuwa wanamaliza mayai kwenye kiota cha mbao: nilivyotatua

Kama uko Mwanza na umewatengenezea kiota kasuku wadogo wa Fischer, wale wa kijani wenye mdomo mwekundu, angalia dalili hizi: maganda ya mayai chini ya mti, na nyuzi za magome zinaning'inia tunduni. Huyo ni kunguru.

Nilipunguza tundu hadi sentimita 4. Kasuku wenyewe wakaacha kuingia. Nikahamishia boksi juu zaidi, wapi.

Kilichosaidia kilianza na kijiti cha kutulia mbele ya tundu. King'oe. Kasuku hakihitaji, anang'ang'ania mbao kwa kucha na kuingia. Kunguru ndiye anayekitumia: anasimama hapo, anaingiza kichwa bila haraka.

Kisha chukua kipande cha mbao ngumu, unene sentimita 4, toboa tundu la sentimita 5, kipige skrubu mbele ya tundu la zamani, matundu yalingane sawasawa. Kunguru akiingiza mdomo, shingo haiwezi kukunja kuelekea chini. Sakafu iwe sentimita 25 chini ya tundu.

Ndani, chini ya tundu, usipige randa. Kwaruza kwa msumeno mistari ya kulala, la sivyo makinda hayatapanda kutoka. Toboa matundu manne ya milimita 6 sakafuni, maana mvua za ziwani huja na upepo.

Magome ya kutandika kiotani usiwawekee kasuku. Watayabeba wenyewe mdomoni, ukanda mmoja mmoja.