Kutoka Ipogolo hadi Msamvu na mzigo wa shaba

Saa 11 alfajiri, Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Utingo anagonga tairi moja moja kwa nyundo, mimi nipo chini ya trela nasikiliza kama mipira ya upepo wa breki inavuja. Tumetoka Zambia na mabamba ya shaba. Ukitazama trela utadhani limebaki nusu tupu, kumbe uzito umeshatimia.

Saa 12 na robo, Ilula. Nyanya zimeanza kupangwa barabarani. Tunapita.

Saa 1 na nusu, juu ya mlima Kitonga. Nasimama kwanza, napima upepo, naingiza gia nzito kabla ya kona ya kwanza, maana katikati ya mteremko huo hakuna kubadilisha gia. Injini ndiyo inayoshika mzigo. Breki nakanyaga kwa muda mfupi, naachia. Ukizikalia mfululizo zinapata moto, zinatoa moshi, kisha hazishiki tena. Wapo madereva wanaoachia frii, yaani gari linateremka bila gia, ili kubana dizeli. Dizeli ya mteremko mmoja inalingana na roho za abiria waliomo kwenye basi linalopanda?

Halafu kuna nyani. Gari dogo mbele yangu linasimama ghafla kwenye kona ili watoto wawatupie ndizi. Naomba sana, ndugu zangu, msifanye hivi. Lori lililobeba shaba halisimami kama gari lenu.

Saa 3, Ruaha Mbuyuni. Joto. Chai na chapati, halafu nazunguka magurudumu nikisogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Yenye joto kuliko wenzake ina breki iliyong'ang'ania, na tairi lake linaweza kushika moto njiani.

Saa 5. "Suka, majani!" utingo ananipigia kelele mimi dereva. Matawi yametupwa barabarani, ishara ya gari lililoharibika mbele, na baada ya kona semi imekufa katikati ya njia yake. Mbele tena tunakuta mawe makubwa ambayo mtu aliwekea matairi, akatengeneza gari, akaondoka bila kuyatoa. Usiku, mwenye bodaboda angeyaona saa ngapi? Tunaegesha pembeni, utingo anayabeba hadi mtaroni. Sijawahi kuona mzigo ulioharibika kwa kuchelewa dakika hizo.

Saa 8, Mikumi. Barabara inakata hifadhi kwa takriban kilometa 50. Tembo mmoja akivuka nangoja, kwa sababu huenda wengine wapo nyuma yake majanini. Sipigi honi.

Saa 11 jioni, Msamvu, Morogoro. Hapa, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Utingo wangu bado kijana, kwa hiyo namsimulia yote: tukikuta lori la mafuta limelala, tunasimama mbali, tunazima injini.

"Na wanaochota, mzee?"

"Waliokwisha kufika, wapigie kelele waondoke, lakini usiwafuate. Wanaokuja na madumu, tunawazuia huku huku nyuma."

Kesho ni Chalinze, kisha bandarini.