Tiki za buluu hazisomi ramani

Jioni moja ya mwezi Mei, mvua za masika zikiwa bado hazijaiachia Dar es Salaam, nilipiga picha ya ramani ya boriti za ghorofa ya kwanza, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la saiti na kuandika chini yake: "Toleo jipya, B7 imebadilika." Mhandisi mshauri alikuwa ameongeza ukubwa wa nondo za chini za boriti hiyo kutoka milimita 16 hadi milimita 20, kwa kuwa mwenye jengo aliamua kusimamisha ukuta wa matofali juu yake. Kabla ya kulala niliangalia simu, nikaona tiki zimegeuka buluu, maana yake kila aliyemo kundini ameufungua ujumbe ule, nami nikaingia kitandani nikiamini kuwa habari imefika.

Kesho yake saa nne asubuhi, nilipopanda kukagua nondo kabla ya kumwaga zege, nilikuta B7 imefungwa nondo nne za milimita 16. Ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, zilikuwa zimenyooka, biskuti, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo, zimepangwa chini kwa nafasi zinazolingana, waya wa kufungia umekazwa vizuri kila pembe. Ilikuwa kazi safi ya fundi anayeijua kazi yake, na yote ilifuata ramani ya zamani. Wakati huo gari la kwanza la zege lilikuwa limeshatoka kiwandani na limo kwenye foleni ya Barabara ya Mandela.

Kwa mtu anayepita tu, tofauti ya milimita nne haionekani kuwa jambo la kusimamishia kazi. Lakini nguvu ya nondo inakwenda na eneo la mkato wake: nondo nne za milimita 16 zina jumla ya milimita za mraba 804, ilhali nne za milimita 20 zina 1,257. Boriti ile ingezikwa kwenye zege ikiwa imepungukiwa zaidi ya theluthi moja ya chuma chake cha chini, na baada ya kupigwa plasta hakuna ambaye angeweza kuitambua kwa macho.

Nilimwita fundi nondo, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Hakujitetea. Alitoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaifungua picha yangu na kuikuza kwa vidole viwili, akanionyesha. "Tazama mwenyewe, injinia. Ukiikuza inakuwa ukungu. Nikajua ni ile ile ya juzi." Alikuwa na haki. WhatsApp huibana picha ili itumwe kwa bando dogo, na penye maandishi ya 4T20, yaani nondo nne za milimita 20, palikuwa na doa la kijivu ambalo lingeweza kusomwa hata kama namba ya simu. Foromani naye aliifungua picha akiwa kwenye daladala, akadhani fundi ameshaielewa, na fundi akadhani kwamba kama lingekuwa jambo kubwa, foromani angelisema. Watu wote walikuwa wameona, na hakuna aliyesoma.

Zege la kiwandani mara nyingi hutakiwa limwagwe ndani ya saa mbili, kwa hiyo hatukuwa na muda wa kulumbana. Sehemu ya gari lile tuliimimina kwenye msingi wa uzio, iliyobaki tukailipia bila kuitumia, na mafundi wakashinda hadi magharibi wakiifungua boriti waliyoifunga kwa siku nzima. Kosa lilikuwa langu, na niliandika hivyo kwenye daftari la saiti.

Jambo linaloniudhi ni kwamba utaratibu wa kuzuia kosa la namna hii ulikuwepo tangu zamani, kabla ya simu hizi. Kitabu chekundu cha mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, kinataka maagizo ya mhandisi yatolewe kwa maandishi kila inapowezekana. Akitoa agizo kwa mdomo, mkandarasi ana siku mbili za kazi za kumwandikia kulithibitisha, na mhandisi asipolikanusha kwa maandishi ndani ya siku mbili nyingine, uthibitisho ule unahesabiwa kuwa agizo lenyewe. Ukiutazama vizuri, utaratibu huo unamtaka aliyepokea neno alirudishe kwa aliyelitoa, jinsi alivyolielewa yeye. Tiki ya buluu hairudishi chochote.

Wahandisi wengi wanakijua kisa cha hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, ambako tarehe 17 Julai 1981 njia mbili za kupita watu, zilizoning'inizwa juu ya ukumbi, zilianguka na kuua watu 114. Ramani ya awali ilionyesha vyuma virefu vinavyoshuka kutoka darini, vikipita kwenye njia ya juu hadi kuishika ya chini. Wakati wa utengenezaji vilibadilishwa vikawa vipande viwili, njia ya chini ikaning'inia kwenye ile ya juu, na mzigo kwenye viungio vya njia ya juu ukawa mara mbili. Hata usanifu wa awali haukufikia kiwango cha kanuni za mji ule, lakini ni badiliko hilo lililoumaliza uimara uliobaki. Katika uchunguzi, upande wa watengenezaji ulisema uliomba ruhusa kwa simu ukakubaliwa. Upande wa wahandisi ulikana. Nikifikiria simu hiyo moja, natamani kila ninayeongea naye aniambie tena nilichomwambia.

Katika redio upepo tatizo linachukua sura nyingine, na hapa Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Ukianza kusema kabla kitufe hakijabonyea sawasawa, redio inameza silabi za mwanzo. Lugha yetu huweka ukanusho kichwani mwa neno. Mtoa ishara akisema "Usishushe!" na redio ikala "usi", anayeendesha kreni kule juu anasikia "shushe", na hakuna mtu atakayekaa kupima kama mwisho ulikuwa e au a wakati tani moja ya nondo inaning'inia. Niliwahi kusikia "usiinue" ikifika kama "inue". Mzigo ulipanda kama mita moja hivi kabla mtu wa chini hajapunga mikono. Bahati nzuri hakukuwa na mtu karibu. Tangu siku hiyo tumepiga marufuku maneno ya kukanusha redioni. Tunabonyeza, tunahesabu moja kimoyomoyo, tunataja jina la tunayemwita, kisha tunasema "simama" na kulirudia. Hatusemi tena kushoto wala kulia bila kutaja alama, kwa sababu kushoto kwa aliye kwenye kreni si kushoto kwa aliye chini. Tunasema upande wa barabara au upande wa tangi.

Vaibreta za kushindilia zege zikiwashwa na mikisa ikinguruma, hata redio hiyo haifai kitu, na hapo mikono ndiyo inayosema: mkono wima na kidole kikichora duara hewani, inua, mkono ulionyooshwa, kiganja chini, simama. Mtoa ishara huwa mmoja tu, isipokuwa kwa ishara ya kusimama, ambayo hata mpishi wa mama ntilie akiitoa, mwendesha kreni anapaswa kuitii.

Picha za ramani sasa haziingii kundini. Naituma ramani yenyewe kama faili, na nakala iliyochapishwa inabandikwa kwenye ubao karibu na stoo, ikiwa na namba ya toleo kwa kalamu nyekundu. Ile ya zamani inachanwa mbele ya foromani, maana tumegundua kwamba karatasi iliyokunjwa mfukoni haifi. Ujumbe wa sauti tumeuacha uendelee, kwa sababu mafundi wengi husema vizuri kuliko wanavyoandika, ila anayeupokea hujibu kwa sauti yake, akitaja boriti, idadi na kipenyo.

Wiki iliyopita nilimpigia yule fundi nondo kumwambia kwamba nafasi ya ringi kwenye nguzo ya C3 ni milimita 150. Alirudia: C3, 150. Kisha akanyamaza kidogo na kuniuliza, "Hiyo ni toleo la ngapi, injinia?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba asubiri, nikashuka ngazi kwenda kutazama ubaoni.