Siku moja maishani mwangu: somo la chura wa kilo tatu

Saa 12:30 asubuhi. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo katika bonde la Mto Lukuledi, mkoani Lindi, na leo darasa la sita lina somo la amfibia. Kabla ya gwaride nimepita dukani kuazima mizani, nikapima kilo tatu za korosho zenye maganda na kuzifunga kwenye mfuko.

Saa 2:40. Mfuko ulipokezanwa dawati kwa dawati. Huo ndio uzito anaoweza kuufikia chura goliathi, Conraua goliath, aliye mkubwa kuliko vyura wote duniani. Kisha nikawaambia watoe rula zao za sentimita 30, wakaona kwamba hazitoshi, kwa kuwa kiwiliwili chake, bila kuhesabu miguu, huweza kuzidi sentimita 32. Makazi yake ni mito ya kasi iliyomo katika misitu ya Kameruni na Guinea ya Ikweta, basi. Eneo dogo kiasi hicho kwa mnyama maarufu kiasi hicho liliwashangaza kuliko uzito wenyewe.

Saa 4:00. Uji.

Saa 4:40. Kipindi cha pili nilikitumia kueleza mazalio yake. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi katika Mto Mpoula, Kameruni, walichapisha taarifa kwamba vyura hawa huandaa vidimbwi kando ya mto kwa kuondoa majani na kusukuma mawe, mengine yenye uzito wa kilo mbili, ili mayai yasichukuliwe na mkondo. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini wasifugwe kama kuku?" Swali zuri, ingawa jibu lake ni refu: viluwiluwi vyake huhusishwa na mmea unaoota juu ya miamba penye maporomoko, na maji ya namna hiyo hayapatikani bandani.

Saa 6:00 mchana. Tulifika kwenye vitisho. Chura huyu huwindwa kwa ajili ya kitoweo, hukamatwa akiwa hai na kuuzwa ng'ambo kwa wapenda wanyama wa ajabu, na misitu inapofyekwa kwa mashamba, udongo huteremka mtoni na kuyachafua maji. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sikukubali darasa liwalaumu wawindaji peke yao, kwani mwenye familia ya kulisha hawezi kuambiwa aache nyama bila kuonyeshwa kitoweo kingine. Anayemnunua kwa mapambo ya nyumbani ndiye ninayeona hana udhuru.

Saa 2:00 usiku. Ninaandaa somo la kesho, juu ya chura wa Kihansi, wa maporomoko ya Mto Kihansi hapa Tanzania, ambaye hazidi sentimita tatu. Maji ya maporomoko yake yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu aliyoyategemea yalikatika, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na vizazi vyao vilianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.