Mkeka wa mama kwenye begi la kilo 23

Miaka tisa niliyokaa Kampala, kila tukienda kwetu Tanga tumekuwa tukipanda basi. Basi halina maneno mengi. Unafunga mizigo yako, unaiandika jina, utingo anaisukumiza kwenye buti, mnaelewana bei, mnaondoka. Ila ni safari ya mchana na usiku na mchana tena, na kitinda mimba wangu hutapika kuanzia Masaka mpaka tunavuka Mutukula. Desemba 2023 mdogo wangu alikuwa anaolewa, baba watoto akasema mara hii tupande ndege, watoto wafike na nguvu zao. Nilifurahi sana. Kilichonitesa ni mizigo, na naandika haya kwa kuwa najua tuko wengi huku Uganda ambao kila Desemba tunarudi kwetu na zawadi za ukoo mzima.

Wakala wa kwanza alinipa bei ya tiketi iliyonifanya nimshukuru Mungu. Kabla ya kutuma pesa nikamwomba karatasi yenyewe niisome. Kwenye mstari wa mizigo palikuwa na herufi ndogo: 0PC. Maana yake hakuna hata begi moja la kwenda chini ya ndege, ni mkoba wa mkononi tu. Tukijumlisha malipo ya begi kwa kila mtu, bei ikapita ya wakala wa pili, ambaye tiketi zake ziliandikwa 1PC kwa kila mmoja wetu, wakubwa na watoto, begi moja lisilozidi kilo 23. Watu watano, mabegi matano, kilo 115.

Kilo 115 ukizisikia ni nyingi. Ngoja simu za nyumbani zianze. Shangazi alitaka samli ya Mbarara. Mjomba, aliyefanya kazi reli hapa Kampala kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977, hajawahi kuniomba kitu zaidi ya senene. Akina mama wa upande wetu walikuwa wameshakubaliana kwamba sare ya harusi itoke Kampala, vitenge kumi na viwili vya rangi moja. Na mama yangu, ambaye si mtu wa kuomba, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ukiupata ule mkeka wao wa rangi, kama niliouona nilipokuja arobaini ya mtoto, niletee."

Mama akisema hivyo unamjibu nini? Unamtajia kilo?

Kikuubo wiki mbili kabla ya Krismasi si mahali pa kwenda na mtoto. Njia ni nyembamba, maduka ya jumla huku na huku, na wabeba mizigo wanapita mbio na maboksi kichwani, usipopisha, unasukumwa. Nilikwenda peke yangu, pesa nimezifunga kwenye ncha ya kanga ndani ya nguo. Vitenge nilivifuata Kiyembe. Huko ukifungua mdomo kwa Kiswahili cha pwani, bei inabadilika hapo hapo, kwa sababu wanakuona mgeni aliyekuja kufanya biashara. Kitenge cha yadi sita nilianziwa shilingi 50,000 za Uganda. Nikarudi siku ya pili, nikasalimia kwa Kiganda na kukaa kwenye kigoda kwanza, nikavipata kwa 35,000 kila kimoja.

Lakini nilipofika nyumbani nikakifungua kimoja nikione vizuri, nikakipima kwa mkono kama bibi alivyonifunza, puani mpaka ncha ya vidole. Yadi tano. Nikafungua vyote. Vitatu vilikuwa pungufu, na vyote vitatu vilikunjwa vinene katikati ili visionekane. Kilichoniumiza zaidi ya pesa ni kufikiria shangazi yangu mnene amekaa kwa fundi anaambiwa nguo haimtoshi. Siku ya tatu nilirudi navyo. Mwenye duka akakana, nikavifungua juu ya kaunta yake mbele ya wateja, nikavipima kimya kimya. Alivibadilisha. Tangu siku hiyo kitenge nakifungua chote dukani kabla ya kulipa, hata muuzaji anune.

Senene ilikuwa rahisi, msimu wao ni Novemba na Desemba. Nilinunua Nakasero waliokwisha nyonyolewa mbawa na miguu, nikawakaanga kwa moto mdogo kwa mafuta yao wenyewe mpaka wakakauka na kulia kama karanga. Samli niliigawa kwenye chupa mbili za mdomo mpana, nikazifunga vifuniko kwa utepe na kuzivika kanga. Hiyo lazima iende kwenye begi la chini, kwani mkononi kitu cha majimaji hakipiti mililita 100. Halafu kuna kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kampala kila kitu unatiliwa kwenye kavera, ukinunua vitu kumi unarudi na kavera kumi, ila Tanzania mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na abiria hutakiwa kuiacha uwanjani. Usiku mzima mmoja nilikuwa natoa vitu kwenye kavera na kuvitia kwenye vifuko vya kitambaa na foronya kuukuu. Usisahau pia kadi za chanjo ya homa ya manjano, maana ukitoka Uganda unaulizwa.

Ukabaki mkeka. Niliupata kwa mama mmoja anayesuka mwenyewe, wa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, ukingo umepigwa mshono mara mbili. Ukiukunja kwa kuuviringisha, kama mikeka yote inavyokunjwa, unafika kifuani kwangu. Begi la ndege linapimwa kwa urefu, upana na kina vikijumlishwa, na kawaida havitakiwi kuzidi sentimita 158. Baba watoto aliutazama akasema, "Huu tuuache kwa jirani, mama atauona siku akija." Nilimjibu kwamba mama yangu ana miaka sabini na mbili, na magoti yake hayamruhusu safari ya basi tena.

Nikarudi kwa msusi. Akacheka, akachovya mkono kwenye ndoo, akaurashia maji mkeka pale pale. "Nyabo, ukindu ukikauka unavunjika, ukilowa unatii." Akasubiri kidogo, akaukunja polepole mara tatu, huku akipitisha kiganja kwenye kila mkunjo kama mtu anayemkanda mtoto. Haukutoa hata mlio. Nilipofika nyumbani nikauanika kivulini ukiwa umekunjwa hivyo hivyo, nisije nikaufungia na unyevu ukaota ukungu. Ulilala chini kabisa ndani ya begi kubwa kama ubao, na juu yake nikapanga vitenge vyote kumi na viwili, kwa sababu vilikaa vizuri. Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua.

Mabegi niliyapima kwenye mizani ya muuza maharage wa mtaani kwetu Kibuli. Yote yalikuwa chini ya 23. Alfajiri tukaondoka kwa barabara ya haraka ya Entebbe, ile ya kulipia 5,000 kwa gari dogo, ili tusikwame kwenye foleni ya Krismasi. Kwenye kaunta begi la sare likasoma 25 na nusu. La watoto likasoma 18. Nikasema, jumla si bado iko chini? Yule binti akanijibu kwa adabu kwamba kila begi linahesabiwa peke yake. Tukafungua mabegi sakafuni, watu wamesimama nyuma yetu, nguo zetu za ndani zinaonekana. Mwanangu mkubwa, ana miaka kumi na mbili, alisimama mbele yangu akatandaza kanga yangu kama pazia mpaka nikamaliza. Sijamsahaulia. Nilitoa viatu vya baba watoto na vifurushi vya kahawa nikavipeleka begi la watoto. La sare likasoma 22.8.

Tulibadilisha ndege njiani, tukafika Dar es Salaam usiku. Mabegi manne yakatokea kwenye mkanda. Tukasubiri la tano. Mkanda ukazunguka mtupu mara kadhaa, kisha ukasimama. Ilikuwa Jumatatu, harusi ni Jumamosi, na lililokosekana ndilo lenye sare na mkeka.

Mfanyakazi wa shirika la ndege alitwambia twende tu tukalale, litakuja kesho. Watoto walikuwa wamelala juu ya mabegi, na mtu akikwambia nenda kalale saa kama ile unatamani kumtii. Nilikataa kutoka bila fomu ya mzigo uliopotea. Ukishatoka nje ya ule ukumbi bila fomu, huna ushahidi kwamba begi halikufika. Fomu ina namba yake ya kumbukumbu, nayo ndiyo utakayoitaja kila ukipiga simu. Nikaiweka pamoja na kile kipande chenye namba za lebo, ambacho wengi hukitupa. Akaniuliza rangi ya begi. Nyeusi. Nikaona alivyopumua; nusu ya mabegi ya dunia ni meusi. Akaniuliza kilichomo. Watu wengi huandika "nguo". Mimi niliandika: vitenge kumi na viwili vya aina moja, na mkeka wa ukindu wa zambarau na kijani uliokunjwa mara tatu. Kwenye anwani nikaandika Tanga, na namba ya simu ya mdogo wangu, kwa sababu laini yangu ya Uganda sikuiamini.

Jumanne asubuhi tukapanda basi kituo cha Mbezi. Tulipokaribia Tanga sikutamani kufika. Akina mama walikuwa wametusubiri barazani na futi ya fundi tayari. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Jumatano wakazunguka maduka ya Ngamiani na picha ya kitenge kwenye simu yangu; hakuna duka lenye kile. Nilikuwa napiga simu asubuhi na jioni, natoa namba ya fomu, naambiwa wanatafuta. Kila aliyepokea nilimwandika jina na saa kwenye daftari. Alhamisi alipiga dada mmoja wa uwanja tuliobadilishia ndege. "Mama, tuna begi jeusi limekatika lebo. Ndani kuna mkeka wa majani, zambarau na kijani, umekunjwa mara tatu. Ni lako?"

Nilikaa chini. Kama ningekubali kuuacha mkeka Kibuli, begi lile lingekuwa begi jeusi la vitambaa miongoni mwa mabegi meusi ya vitambaa.

Wakataka nilifuate Dar. Nikawasomea anwani niliyoandika kwenye fomu yao wenyewe, nikawaambia kuchelewa ni kwao. Wakalituma kwa basi, nikalipokea stendi ya Kange Ijumaa asubuhi. Mishono tuliyoipanga haikuwezekana tena. Mafundi wanne walikaa baraza moja mpaka saa nane za usiku wakashona madera, kwa sababu dera halina mambo mengi, na Jumamosi akina mama kumi na wawili waliingia ukumbini wamefanana. Mkeka mama aliurashia maji mwenyewe, bila mtu kumwambia, akautandika chumbani kwake. Mistari ya mikunjo ilibaki kwa siku tatu nne, kisha ikalala.

Begi lilikuja zipu imechanika na gurudumu limeng'oka. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika unaulalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na uliochelewa ndani ya siku 21. Niliandika Jumatatu, nikaambatisha picha, nakala ya fomu, risiti ya begi na risiti za nguo tulizonunua kwa lazima zile siku tatu. Walinijibu mara mbili kwamba suala linashughulikiwa, nikawaandikia mara ya tatu nikiwatajia tarehe zote kutoka kwenye daftari. Mwezi wa pili wakalipa. Haikuwa pesa nyingi, ila ilikuwa haki yangu.

Kurudi Kampala tulikuwa na mizani ndogo ya ndoano niliyoinunua Dar, unalining'iniza begi unasoma. Nilipima kila begi mara mbili na kuliacha kwenye 22. Nguo za kila mtu niliziweka nusu begi hili, nusu lile, na ndani ya kila moja karatasi yenye jina, namba mbili za simu na mji tunakokwenda. Nazi na mchele wa mama vilivyozidi viliachwa kwa binamu yangu aliyekuwa anakuja kwa basi Januari.

Juzi mama amepiga simu. Dada yake ameuona mkeka, naye anautaka. Nimeshamwagizia msusi wa zambarau na njano, na safari hii vitenge vitasambazwa kwenye mabegi yote matano.