Muulizeni dada wa kazi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa na sababu naijua mwenyewe, kila nikishika simu niandike yanakuja maneno ambayo si ya tafakari, ni ya ugomvi, nafuta naiweka simu chini. Leo nimeamua niandike hivyohivyo, Bwana atachuja.

Mtoto wa marehemu dada yangu karudi kutoka Unguja. Wengi mnamjua, alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana hapa Chake Chake, Pemba, kabla hajaenda mjini kufanya kazi za ndani. Jina lake silitaji hapa kwa sababu mwenyewe hataki. Nyumba aliyokuwa anafanya kazi ni ya wapendwa, watu wa maombi kweli si wa jina tu, na mie ndiye niliyesema aende, nikaona kwa waliookoka mtoto atakuwa kwenye mikono mizuri. Basi kashuka Mkoani na begi lake, kafika nyumbani, kasalimia, kala, kalala, na kila nikimuuliza mbona umerudi kabla ya mwaka kuisha ananiambia nimechoka tu mama mdogo.

Sasa huu ni msimu, mnajua wenyewe, kila nyumba ni karafuu, jirani yetu kaleta magunia yake tumsaidie kuchambua kwa malipo, tukakaa barazani jioni mie na yeye na watoto, ndipo nikamshika tena. Nikamuuliza walikuwa wanakupiga? Akasema hapana. Baba wa nyumba alikusumbua? Hapana mama mdogo, ni mtu wa heshima. Mshahara? Walinipa, hata ukichelewa walinipa. Sasa nini mwanangu? Akaendelea kuchambua, makonyo, vile vikonyo vyake, huku, karafuu huku, halafu akasema bila kuniangalia: "Mama mdogo, mie pale sijawahi kuitwa jina langu. Nilikuwa 'we msichana'. Wageni wakija 'huyu msichana wetu'. Na yule mtoto nilomlea mie tangu hajatembea, alipoanza kusema akawa ananiita hivyohivyo, we msichana maji."

Nikanyamaza. Akaongeza kwamba asubuhi wakikaa kwenye ibada ya nyumbani baba anawaombea watu kwa majina, fulani wa Dodoma mgonjwa, fulani wa Mbeya anatafuta kazi, fulani kanisani ndoa yake ina shida, anawataja mmoja mmoja na machozi yanamtoka, na yeye kasimama mlango wa jikoni na chupa ya chai anasubiri amina, siku zote akisikiliza kama leo jina lake litapita.

Wapendwa, nimelala na hilo neno wiki nzima.

Tunaijua sote Luka 6:45, watoto wa Sunday School wanaikariri, kinywa cha mtu hunena yale yaujazayo moyo wake. Tukiihubiri tunakimbilia matusi, umbea, uongo, na hayo yote ni kweli sina ubishi. Lakini Mathayo 12:36 Bwana anasogea mbali zaidi, anasema kila neno lisilo maana watu watalitolea hesabu siku ya hukumu. Lisilo maana. Lile ulilolitoa bila kupanga, ukiwa unatafuta viatu, ukiwa na njaa, chumvi imezidi kwenye mchuzi. Maana maneno ya kupanga kila mtu anayo, mie hapa naandika tafakari nafuta naandika tena, mchungaji anaandaa mahubiri, ushuhuda wa Jumapili umeshaurudia kichwani mara kadhaa kabla hujasimama. Hayo hayaonyeshi sana kilichomo ndani. Moyo unatoka pale ambapo hukujiandaa, na kwa nini hukujiandaa? Kwa sababu unayeongea naye humuogopi. Hawezi kukufanya kitu. Karafuu hata uifunge kwenye mfuko gani ikiwa ndani ya gari abiria wote wanajua imo, na moyo nao ndivyo ulivyo, ila abiria wetu wa kwanza kuusikia ni wale wa jikoni.

Chukueni Nabali, 1 Samweli 25. Tajiri, kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja, siku ya kukata manyoya ni sikukuu, vijana wa Daudi wanakuja kwa adabu kabisa wanaomba chochote, yeye anajibu "Daudi ni nani?" Sote tunalijua hilo jibu. Lakini angalieni nani anayeeleza Nabali ni mtu wa aina gani. Si Daudi, si wazee wa mji. Ni kijana mmoja wa kazi, anamkimbilia Abigaili anamwambia bwana wetu ni mtu asiyefaa, hata kusemeshwa hasemesheki. Yule kijana hakuyajua hayo siku ile ya Daudi, alikuwa nayo kifuani miaka, anayajua kwa sababu ndiye anayesemeshwa kila siku.

Na nendeni kwa Boazi, Ruthu 2:4, huyu naye mwenye mali, naye ni wakati wa mavuno. Anaingia shambani kutoka Bethlehemu, neno lake la kwanza kabisa kwenye Biblia, anawaambia wavunaji "BWANA akae nanyi", nao wanaitikia "BWANA akubariki". Anawasalimia wafanyakazi wake! Anaanza yeye! Hajauliza wamevuna kiasi gani, hajauliza nani kachelewa. Na mgeni Mmoabi anayeokota masazo nyuma ya watu anaagiza asifedheheshwe, hata masuke mengine yaachwe makusudi aokote. Ukisoma haraka unaona ni hadithi ya posa. Mie nadhani Naomi aliposikia Ruthu alikuwa kwenye shamba la nani alishangilia pia kwa sababu wavunaji wa mji mzima walishajua mdomo wa yule mzee.

Lakini andiko lililonikalia zaidi ni Mwanzo 16 na nimelisoma mara nyingi sana maishani bila kuliona. Hajiri. Sarai anamtaka mtoto, anamwambia Abramu muingilie "mjakazi wangu". Mambo yanaharibika, Abramu anajibu "mjakazi wako" yumo mkononi mwako mtendee uonavyo. Nendeni mpaka sura ya 21, bado ni "mjakazi huyu na mwanawe". Tafuteni pahali ambapo Sara au Abrahamu anafungua mdomo na kusema Hajiri. Mwandishi anamtaja, ndiyo, lakini wao katika maneno yao yaliyoandikwa hawamtaji hata mara moja. Kambeba mtoto wa mzee, kala jangwa lao, na jina lake halimo midomoni mwao. Na hawa si Nabali jamani, hawa ni baba wa imani na mama yetu Sara! Watu wa madhabahu, watu waliotembelewa na malaika, hapo ndipo penye hofu.

Halafu anakimbia, yuko kwenye chemchemi njiani kuelekea Shuri, mjamzito, peke yake, na malaika wa BWANA anamkuta pale. Neno la kwanza: "Hajiri". Anamwita. Halafu anamuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, maswali ambayo kule nyumbani hakuna aliyewahi kuyauliza. Ndipo huyu mtumwa wa Kimisri akampa Mungu jina, Mungu unionaye. Nilimsomea mwanetu hiyo sura palepale barazani kwa taa ya simu, akaniambia rudia hapo mama mdogo, nikarudia, akaniambia rudia tena.

Sasa niruhusuni niwe mkali kidogo, na nasema na wapendwa wote, wa Chake, Wete, Mkoani, na nyie wa mjini mnaosoma grupu hili kimyakimya bila hata kuitikia salamu. Tunajua kunena kwa lugha na hatujui kusema ahsante kwa anayetufulia nguo. Tunamwita mchungaji mtumishi wa Mungu, na anayetumika kwenye nyumba zetu kuanzia alfajiri tunamwita kwa kupiga makofi. Konda wa gari tunamfokea kwa mia mbili. Mama anayepita na ndoo ya dagaa tunamwita kwa mluzi halafu tunawatia ila samaki wake mpaka anaondoka na aibu, tukitoka hapo tunaingia cell, kikundi cha maombi, ya jioni tunaimba "nitumie Bwana". Ati tunasema ni hasira tu, ni tabia, ni ulimi umeteleza, moyo wangu ni safi Mungu anajua. Ndugu yangu, ulimi hauna ghala yake mwenyewe! Ulichokitoa kilikuwa ndani. Yakobo anashangaa kinywa kimoja kimbariki Mungu Baba na hichohicho kiwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake, anasema haifai iwe hivyo, na mie nasema hasa visiwani kwetu hapa, maana sisi Wakristo ni wachache, majirani zetu wengi ni Waislamu na Biblia yetu hawaisomi, wanatusoma sisi. Huyo mzee mwenye karafuu tunazochambua ni Muislamu, mwanetu alimwamkia shikamoo siku ya kwanza, akaitikia marahaba akauliza jina lake nani, na tangu hapo kila akipita anamwita kwa jina na kumuuliza kaamkaje. Silinganishi dini, nasimulia tu nilichokiona, na kimeniuma.

Tena sisi tusisahau tunatoka wapi. Kanisa Kuu la Mkunazini mnalopiga picha mkienda mjini limekaa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lilifungwa 1873, ujenzi ukaanza mwaka huohuo, na Krismasi ya 1877 watu wakasali humo. Mbele ya madhabahu wanakuonesha duara la marumaru, wanasema ndipo uliposimama mti wa kuwachapia. Kwenye lile soko watu waliitwa kwa umri na kwa bei. Na huku kwetu Pemba, mwaka 1897, mwaka uleule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuufuta utumwa kisheria, wale Marafiki, Waquaker wa Uingereza, dhehebu la Kikristo, walikuja wakaanza kazi Banani, watu waliokuwa watumwa wakachuma karafuu zilezile lakini kwa ujira. Hao hawakuwa malaika, wamishonari nao wana yao, ila ujira ni tendo, na tendo lile lilisema jambo ambalo hotuba isingelisema.

Vitendo sitasema mengi, nafasi imekwisha na 1 Yohana 3:18 iko wazi. Ila mliokodi mikarafuu msimu huu, wachumaji wanapanda miti mirefu ile tangu asubuhi, pishi la kumpimia mchumaji liwe lilelile unalotaka kupimiwa wewe, na pesa yake aipate jioni, asiambiwe njoo kesho. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na masikio yanayozisikia kelele hizo ni ya Bwana wa majeshi.

Mtaniuliza, wale wapendwa wa Unguja umewaambia? Bado. Nilianza kurekodi voisi kwa mama wa nyumba, nilipoisikiliza kabla ya kutuma nikamsikia Nabali, sauti yangu kabisa, na mie nilidhani nasema kwa ajili ya haki. Nikaifuta. Nitampigia, tutaongea kama ndugu, na wala sitaki aaibike mbele za watu, kwa hiyo naomba asitokee mtu hapa kuanza kuuliza ni nani, ni kanisa gani. Niombeeni nimpigie nikiwa nimemsamehe. Leo sijafika huko, nasema ukweli wangu. Na mwanetu niombeeni naye, anataka kurudi kwenye kwaya, ila anasema kwanza akae akae.

Alhamisi jumuiya iko nyumbani kwangu, saa kumi baada ya mvua kama ipo. Tutasoma Filemoni, waraka wa Paulo juu ya Onesimo mtumwa, ni sura moja tu, aya 25, kila mtu aje ameshaisoma. Mwenye dada wa kazi au kijana wa kazi aje naye, na aketi kwenye kiti kama sisi, asiwekwe jikoni. Chai na vitumbua tutamimina wenyewe. Na katika utambulisho kila mmoja atamtambulisha aliyekuja naye kwa jina lake kamili na la baba yake, kwa hiyo kama hulijui una mpaka Alhamisi umuulize.