Kupeleka Ghala la Chuma Inuvik

Tuliondoka Dawson City mwanzoni mwa Machi, nami nilikuwa katika lori la pili kati ya matatu yaliyobeba ghala zima la chuma: nguzo, boriti na paneli za kuta, vyote vikiwa vimekatwa na kutobolewa matundu kiwandani Edmonton. Mbele yetu ilikuwa barabara ya Dempster, zaidi ya kilomita 730 za changarawe zinazovuka Duara ya Aktiki hadi Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada.

Barabara hiyo hukutana na mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, isiyo na madaraja. Majira ya joto magari huvushwa kwa pantoni, majira ya baridi hupita juu ya barafu yenyewe, na barafu inapoanza kuganda au kuvunjika, njia hufungwa kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuchora jengo, mhandisi hana budi kuisoma kalenda ya mto. Tulipofika juu ya Mackenzie dereva alipunguza mwendo sana, kwani gari zito linalokwenda kasi husukuma wimbi la maji chini ya barafu na kuipasua.

Inuvik majengo husimama juu ya nguzo, na upepo hupita chini ya sakafu. Ardhi ya pale imeganda mwaka mzima. Joto la nyumba likiifikia, udongo huyeyuka na jengo hulala upande. Nguzo zetu za msingi zilikuwa zimetangulia: shimo lilichimbwa, nguzo ikasimamishwa, ikazungushiwa tope la mchanga, na baridi ikaishika badala ya saruji. Ijumaa niliswali katika msikiti mdogo uliojengwa Manitoba na kuletwa mwaka 2010 kwa lori, kisha kwa tishari kuteremka Mto Mackenzie. Niliwaombea dua waliopanga safari ile.

Siku ya kuinua boriti kulikuwa na nyuzi 30 chini ya sifuri. Boriti ya mita 10 iliyopimwa kiwandani kwenye nyuzi 20 za joto hufupika kwa milimita 6 hivi, na ni matundu marefu ya bolti tu, yaliyoacha nafasi ya kusogeza boriti, yaliyotuokoa. Nilivua glovu moja nishike nati, ngozi ya kidole ikaganda chumani.

Tulipowasha hita, vichwa vya bolti upande wa ndani viliota chembe nyeupe za barafu, kama chumvi, kwa kuwa chuma kinachopenya ukuta huingiza baridi ya nje. Mchoro tulioletewa haukuwa na vikinga joto, yaani pedi za kuzuia baridi isipite chumani. Tulizifungua bolti zote, moja baada ya nyingine, tukazitilia pedi hizo.