Nilivyopata ishara safi ya ubongo chini ya nywele za kipilipili

Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hospitalini na kofia ya kupimia ubongo ni ndugu. Vyote hurusha mwanga mwilini na kusoma kilichobaki baada ya damu kunyonya sehemu yake. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kwamba mwanga wa infraredi ya karibu unapenya hata ngozi na fuvu bila kutoboa chochote. Kofia ninayotumia hurusha mawimbi ya nanometa 760 na 850: hemoglobini isiyo na oksijeni hunyonya zaidi la 760, na yenye oksijeni zaidi la 850. Chanzo na kipokezi hukaa sentimita 3 mbalimbali, hivyo mwanga unashuka kama sentimita moja na nusu kisha unarudi juu, baada ya kupita kwenye gamba la ubongo.

Adui mkubwa ni nywele. Melanini hunyonya mwanga huohuo, na nywele nyeusi zilizojaa chini ya optodi (vile vyanzo na vipokezi vya kwenye kofia) zinaweza kuumaliza kabla haujagusa ngozi. Ndiyo maana kazi yangu huanza siku moja kabla. Mshiriki namwomba asuke mistari ya kwenda nyuma, bila rasta wala nyuzi, njia zipishane sentimita moja na nusu, ili kila njia ya pili ikae chini ya safu ya optodi. Mafuta ya nywele asipake asubuhi hiyo. Asiyetaka kusuka hazuiliwi. Atahitaji tu muda zaidi.

Ili kupima ubongo unaoendesha mkono wa kulia, natafuta C3, nukta iliyo upande wa kushoto wa kichwa. Napima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye shina la pua hadi kinundu cha kisogo, kisha sikio hadi sikio. Nusu zinapokutana ndipo Cz, yaani utosini katikati. Kama sikio hadi sikio ni sentimita 36, C3 iko asilimia 20 ya urefu huo, yaani sentimita 7.2 kushoto kwa Cz. Ukikisia kwa macho utapima sehemu nyingine kabisa.

Kofia ikishakaa, nachomoa optodi moja moja. Namulika tundu kwa tochi ndogo ya kichwani, na kwa kijiti cha plastiki kisicho na ncha kali napasua njia hadi nione ngozi inang'aa. Nywele za kipilipili hurudi mahali pake mara tu unapoziachia, kwa hiyo natia tone la jeli angavu ili zilale pembeni, kisha narudisha optodi wima. Usikandamize kufidia nywele: baada ya dakika 20 kichwa kinauma, mtu anaanza kujisogeza, na kila msogeo unaacha mruko kwenye data. Kichwa kizima hunichukua dakika 40 au zaidi.

Kabla ya kurekodi naangalia mawimbi ghafi. Chaneli nzuri (chaneli ni jozi ya chanzo na kipokezi) inaonyesha mapigo ya moyo, kama pigo moja kwa sekunde. Isipoyaonyesha, hakuna kichujio kitakachoiokoa. Rudi kwenye nywele. Natumia pia kipimo cha ulinganifu wa mawimbi yale mawili kwenye mapigo, na chini ya 0.75 naikataa. Mapazia nayashusha na kofia naifunika kitambaa cheusi, maana jua lina infraredi tele na hufurisha vipokezi.

Zoezi lenyewe ni jepesi: kugonga vidole sekunde 10, kupumzika kati ya 20 na 30, mara 10 kwa kila mkono. Mapumziko yasilingane. Shinikizo la damu lina wimbi lake la takriban kila sekunde 10, na zoezi lenye mapumziko yanayolingana linaweza kwenda nalo sambamba ukadhani ni ubongo. Wimbi hilo linapita hata ukichuja kati ya hezi (mizunguko kwa sekunde) 0.01 na 0.2, kwa hiyo naweka chaneli fupi za milimita 8 zinazosikia ngozi tu, kisha naiondoa sehemu hiyo kwenye chaneli ndefu. Anayeruka hatua hii, kwa maoni yangu, anapima ngozi ya kichwa.

Ishara ya kweli ina sura yake: hemoglobini yenye oksijeni inapanda sekunde chache baada ya vidole kuanza, isiyo na oksijeni inashuka kidogo, na upande wa kushoto wa ubongo unazidi ule wa kulia pale mkono wa kulia unapofanya kazi. Zikipanda zote mbili pamoja, shuku ngozi au msogeo.

Kwenye ripoti naandika chaneli ngapi nimezitupa kwa kila mtu, na nywele zake zilikuwaje. Wapo watafiti wanaowaondoa kimyakimya wenye nywele nzito, na matokeo yao yanakosa watu wa aina yetu. Inawezekana kupima: huko Keneba, Gambia, watafiti wamepima watoto wachanga kwa mwanga huu. Chaneli iliyokufa katikati ya C3 inanifanya nivue optodi nianze tena, hata kama mshiriki ameshakaa saa nzima. Namwomba radhi, nampa maji, narudi na kijiti changu.